Kile Kitabu cha Yule Kima

Muuza vitabu mmoja wa mitumba, anayetandaza mali yake kibarazani maeneo ya Posta, Dar es Salaam, anawagawa wateja wake mafungu mawili. Wapo wanafunzi, ambao huja na karatasi waliyoandikiwa na mwalimu: jina la kitabu, mwandishi, toleo. Hao hawamsumbui. Halafu wapo watu wazima, wengi wao wametoka maofisini, wanaochuchumaa na kupekua kimyakimya, kisha wanajikohoza na kuanza kueleza. Kilikuwa chembamba. Kilikuwa na picha ya mzee mwenye bakora. Tulikisoma darasa la tatu, au la nne.

"Mwingine anakwambia, kaka, nitafutie kile kitabu cha yule kima," aliniambia. "Sasa mzee wangu, kima yupi? Makima wapo wengi."

Ni kweli wapo wengi. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizoziandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Humo yumo kima aliyekuwa akila kuyu juu ya mkuyu na kumtupia papa baharini, wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, na walipofika mbali na nchi kavu akamwambia ukweli: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba angeambiwa mapema angeubeba, maana wao wakitoka matembezini huiacha mioyo yao mtini. Papa mjinga akageuza. Kima alipokwisha kupanda mti wake, ndipo akamsimulia papa habari za punda wa dobi, aliyekosa moyo na masikio.

Lakini kisa hiki hakikuzaliwa Unguja. Katika Panchatantra ya Wahindi, anayembeba mnyama huyo ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ni kobe. Majahazi yalivuka na visa kama yalivyovuka na vitambaa, na waandishi wa vitabu vya shule wa karne ya 20 walichota kila mmoja mahali pake. Basi anayemkumbuka papa, anayemkumbuka mamba na anayemkumbuka kobe wanaweza kubishana mpaka chai ipoe, na wote wakawa wanasema kweli.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia kwetu. Kisa kinapatikana, tena kwa urahisi. Kinachokosekana ni kitabu. Ukimpelekea mteja wetu mkusanyo mwingine wenye kisa kilekile, atausoma, atacheka, kisha atakurudishia. Yeye anataka zile herufi kubwa na ile picha ya kima amekaa mgongoni mwa papa huku ameshika tama.

Kwa Mtanzania aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1970 au 1980, jambo lenyewe ni la ajabu zaidi. Mtajie Bulicheka, naye atakumalizia na mkewe Lizabeta na mzee Wagagagigikoko bila kuvuta pumzi. Mtajie Kibanga, atakwambia alimpiga mkoloni. "Karudi Baba Mmoja" ataikariri ubeti kwa ubeti. "Sizitaki Mbichi Hizi" ataikariri pia, pengine bila kujua kwamba yule sungura anayejifariji kwa kuyakashifu matunda ni jamaa wa karibu wa mbweha wa Ezopo. Sasa muulize: kitabu kiliitwaje, na nani alikiandika? Atanyamaza.

Hatuna haja ya kuilaumu kumbukumbu yake. Vitabu vingi vya Kiswahili vya wakati ule viliandaliwa na jopo na kutolewa kwa jina la taasisi, si la mtu. Mfululizo mzima, kama ule wa Tujifunze Lugha Yetu, ulikuwa na jina moja, na kilichobadilika ni namba tu. Mtoto hawezi kukipenda kitabu kwa namba yake. Alikipenda kwa Bulicheka, akakiita kitabu cha Bulicheka, na jina hilo halimo katika orodha ya maktaba yoyote.

Halafu kuna suala la jalada. Novemba 1977 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule tuliouita UPE, na madarasa yakafurika. Kitabu kimoja kilisomwa na dawati zima, na aliyekaa katikati ndiye aliyefaidi. Mwisho wa kipindi kiongozi wa darasa alivikusanya, vikarudi kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwaka uliofuata vikashukia kundi jingine. Tulivivalisha magazeti na karatasi za kaki, lakini mikono ilikuwa mingi. Jalada ndilo lililotangulia kwenda, likafuatiwa na ukurasa wa jina, kisha yaliyomo. Wapo waliosoma kitabu kuanzia ukurasa wa tisa, na kwao hadithi ilianzia hapo. Unapomwuliza mtu kama huyo jina la kitabu, unamwuliza kitu ambacho hakuwahi kukiona.

Mtaala ulipobadilika, vilivyobaki viliishia sokoni. Nani hajawahi kula karanga huku akisoma mazoezi ya ufahamu kwenye karatasi iliyozifunga?

Vitabu vya watu wakubwa vimekuwa na bahati zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, unatafutika kwa sababu mwandishi wake anajulikana na wataalamu wameuandikia. Hata asiyekumbuka jina humkumbuka mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na kiko kinatosha: kitamfikisha kwenye vitabu vya Abdulla, achague mwenyewe kati ya Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Riwaya za Shaaban Robert zinachapwa hadi leo. Kitabu cha darasa la pili kilichofundisha maelfu kwa maelfu kusoma hakina mtetezi wa namna hiyo. Naona hili ni kosa la heshima zetu. Tulikihifadhi kile tulichoona kina hadhi, na kile kilichotutoa ujinga tukakiona kama chaki, kinatumika na kwisha.

Wachapishaji nao hawakudumu. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilitoa vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyosomwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, lile la Nairobi likageuka shirika la Kenya, na vitabu vingi havikuchapwa tena. Tanzania Publishing House, iliyoanza mwaka 1966, ilikuwa na orodha ya kujivunia, nayo ikadhoofika. Nyumba ikifungwa, hakuna anayebaki na jukumu la kukumbuka iliwahi kutoa nini.

Anayetaka kutafuta kwa dhati asianze na jina. Aanze na darasa, maana darasa litampa mwaka, na mwaka utampa mtaala. Ajiulize kitabu kilikuwa kirefu au kipana, picha zilikuwa za wino mweusi mtupu au zilitiwa rangi moja ya kijani. Kama alisoma kusini na nyumbani walikuwa watu wa parokia, akumbuke kwamba wamisionari wa Peramiho na Ndanda walikuwa na mitambo yao ya uchapaji, na kitabu anachodhani ni cha serikali huenda ni chao. Sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sehemu yake ya East Africana. London wana maktaba ya SOAS. Lakini kwa vitabu vya shule, mimi ningeanza na walimu wastaafu. Mwalimu ana sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani ya sanduku hilo mna vitu ambavyo vilipaswa kurudishwa kabatini. Apigiwe hodi kwa adabu, apelekewe sukari, na mwaka wa ukaguzi usitajwe.

Siku hizi zinapita pia picha za kurasa kwenye simu. Mtu anapiga picha ukurasa wa Kibanga, anaurusha kwenye kundi la WhatsApp, watu wanafurahi, wanasambaza. Hapigi picha jalada. Kizazi kingine kinapokea kitabu kuanzia ukurasa wa tisa.

Wanaopata hawapati sawasawa na walivyotarajia. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alipata kitabu chake cha darasa la tatu kwa mwalimu wake wa zamani. Hadithi aliyoibeba miaka yote hiyo ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Aliyakumbuka majina, akaikumbuka na mvua kubwa iliyowakuta wahusika njiani. Kitabuni mvua haimo. Anadhani ilinyesha juu ya bati la shule siku waliyoisoma.

Wapo kinyume chake: walioambiwa wanakumbuka vibaya kumbe kitabu kipo. Namfahamu mzee wa Tanga ambaye kwa miaka mingi amewasimulia wajukuu habari za msichana mweusi aliyemfuata sungura shimoni. Wajukuu wamemwona msichana huyo kwenye televisheni, Mzungu mwenye nywele za dhahabu, wakawa wanamwonea huruma babu. Ukweli ni kwamba mwaka 1940 shirika la Sheldon Press la London lilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Lewis Carroll, na picha zake zilichorwa upya, Elisi akawa mtoto wa Kiafrika. Mzee alikuwa sahihi toka mwanzo hadi mwisho.

Mjukuu mmoja, ili kumwomba radhi, alimnunulia Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Mzee alivaa miwani, akaisoma yote, akaisifu. "Kiswahili chake kizuri kweli," alimwambia. "Haya, sasa mjukuu wangu, nitafutie kile changu."