Maumivu ya Mgongo: Usiseme "Sijambo" Tu

Kwetu sisi mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata kama mgongo unamwaka moto. Ni adabu njema, lakini ikiingia nayo wodini yaweza kumdhuru mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia mama mmoja wa miteremko ya Mlima Meru, aliyeumia mgongo kwa kubeba ndoo za maji na mizigo ya majani ya ng'ombe. Kila asubuhi nilimwuliza, "Mama, waendeleaje?" Naye alijibu, "Nashukuru, nina nafuu." Nikaandika hivyo kwenye faili. Baada ya majuma matatu alirudi akishikiliwa na binti zake. Tangu atoke hospitali hakuweza kuinama kuwasha moto, wala hakulala usiku. Kosa lilikuwa langu: niliuliza swali la salamu, nikapata jibu la salamu.

Kwa nini tunapima maumivu?

Homa ina kipimajoto chake. Maumivu hayana. Hata eksirei haiyaonyeshi: wapo wenye pingili zilizochakaa wasioumwa, na wapo wenye picha nzuri wanaoumwa sana. Anayejua maumivu ni mgonjwa mwenyewe.

Njia zinazotumika

1. Namba. 0 ni hakuna maumivu, 10 ni maumivu makali kupita yote unayoweza kufikiri. Taja namba yako ukiwa umekaa, ukitembea, na usiku. Ikishuka kwa 2 hivi, huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli.

2. Nyuso. Mgonjwa huonyesha kwa kidole uso unaofanana na anavyojisikia. Hufaa watoto na wasiozoea hesabu. Mwaka 2012 watafiti wa Eldoret, Kenya, walichapisha matokeo baada ya kuwahoji wagonjwa jinsi wanavyoelewa njia hizi mbili.

3. Kazi za kila siku. Mwaka 1980 yalichapishwa Uingereza maswali 10 yanayoitwa kwa jina la mji wa Oswestry. Huuliza juu ya kuvaa, kuinua mizigo, kutembea, kukaa, kulala na mengineyo. Mwaka 1995 wataalamu wa Kanada walileta njia fupi zaidi: mgonjwa huchagua mwenyewe kazi zinazomshinda.

Njia hii ya mwisho waweza kuifanya nyumbani. Kabla ya tiba, andika kazi tatu kwenye daftari. Kwa mfano: kukata majani, kukaa kwenye daladala toka Usa River hadi mjini, kulala usiku kucha. Kila moja ipe alama: 0 siwezi kabisa, 10 naweza kama zamani. Rudia kila juma, na uende na daftari kliniki.

Faida yake ni kubwa. Maumivu yakipungua lakini kazi bado zinakushinda, huenda vidonge vinayafunika tu. Maumivu yakibaki palepale lakini sasa unafika sokoni kwa miguu, tiba inasaidia. Usikate tamaa wala usiache mazoezi.

Usingoje kupima

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukishindwa kuzuia haja kubwa, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukiishiwa nguvu. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kina dawa, lakini kisicheleweshwe.

Wanaume wengi wa huku walifundishwa jandoni wasionyeshe maumivu. Akina mama nao hawataki kusumbua watu. Kuvumilia ni fadhila. Kumficha anayekutibu si fadhila. Muuguzi akikuuliza, salamu mjibu kwa adabu, kisha mwambie namba yako na kazi iliyokushinda jana.