"Bure", "Malipo" na Taarifa Binafsi

Katika kuzipitia tafsiri ziletwazo kwetu ili zisanifiwe, tumeona kwamba neno moja dogo huwateleza wafasiri wengi. Neno hilo ni "bure". Karibu kila tangazo la huduma ya mtandaoni, iwe ya barua pepe, ya ramani au ya kupelekeana picha, humwambia mtumiaji kwamba huduma hiyo ni bure. Naye mfasiri, kwa kuwa neno hilo amelizoea tangu utotoni, huliandika bila kusita.

Kiswahili hulitumia neno hili kwa maana mbili kubwa. Jambo la bure ni lile lisilo na faida, kama tusemapo kwamba fulani amesumbuka bure. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho pasipo kutoa chochote. Maana hii ya pili ndiyo ituhusuyo. Je, mtumiaji hakutoa chochote? Ametoa jina, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Kisha, bila kuulizwa tena, huendelea kutoa mahali alipo, vitu avitafutavyo, hata muda autumiao kuitazama picha moja. Mwenye huduma huyakusanya hayo yote, akawauzia watangazaji nafasi ya kumfikia mtu wa umri fulani, wa mji fulani, mwenye haja fulani. (Kwa kawaida kiuzwacho ni nafasi hiyo wala si taarifa zenyewe, kwa hiyo "kuuza taarifa" nako kutumiwe kwa uangalifu.)

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kwa miaka mingi Facebook iliwaambia watu katika ukurasa wake wa kujiandikisha kwamba ni bure na itakuwa bure daima. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliamua kwamba kampuni hiyo iliwapotosha watu kwa kulisisitiza hilo pasipo kuwaeleza ipasavyo kwamba taarifa zao zingetumiwa kibiashara. Maneno hayo yaliondolewa ukurasani mwaka 2019, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya utawala ya Italia ikakubali kwamba kweli yalipotosha.

Basi tuseme "malipo"? Wapo waliolipendekeza, nasi tuna shaka nalo. Alipaye shilingi mia huiona ikitoka mkononi, hujua kwamba ni mia, na ikishatoka hanayo tena. Taarifa hubaki kwa mwenyewe na kwa mwingine pia. Kiasi chake hakijulikani siku ya mapatano, wala hakuna siku ya kumaliza deni. Kuita jambo hili "mali kwa mali" nako hakufai, maana wabadilishanao mbuzi kwa mtama huonana, na kila mmoja huukagua mzigo wa mwenziwe. Tena kuna zito zaidi. Mtu akiiruhusu programu isome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, ametoa namba ya mama mkwe, ya daktari na ya fundi cherehani. Mlipaji hulipa kwa mali yake; huyu ametoa ya watu ambao hawakuulizwa.

Umoja wa Ulaya ulikutana na kikwazo hicho hicho. Rasimu ya agizo kuhusu mikataba ya huduma za kidijiti, iliyotolewa mwaka 2015, ilizitaja taarifa binafsi kama kitu kiwezacho kutolewa badala ya fedha. Msimamizi wa ulinzi wa taarifa wa Umoja huo aliyapinga maneno hayo mwaka 2017. Agizo lililopitishwa mwaka 2019 liliyaacha, likamlinda mtumiaji atoaye taarifa kama limlindavyo alipaye fedha, na likatamka kwamba taarifa binafsi haziwezi kuhesabiwa kuwa bidhaa.

Hapa kwetu msingi upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imetuzoesha istilahi "mkusanyaji", "mchakataji" na "ridhaa". Ridhaa si bei. Ridhaa yaweza kuondolewa. Bei ikishalipwa imelipwa.

Kwa hiyo tunawashauri wafasiri waandike "huduma isiyotozwa fedha", na katika sentensi iyo hiyo waeleze kwamba mtoa huduma hukusanya taarifa binafsi. "Kutoa taarifa" kuandikwe pale ambapo wengine huandika "kulipa kwa taarifa". Kwenye kitufe cha kukubali, "Natoa ridhaa" ni bora kuliko "Sawa", neno ambalo mtu humjibu hata asiyemsikiliza. "Bure" libaki kwa vilivyo bure kweli, kama chanjo ya surua ya mtoto kliniki.

Tendo zima, yaani kupewa huduma huku ukichukuliwa taarifa, halijapata jina moja la kuridhisha. "Badilishano" tumelijaribu katika rasimu mbili, nalo linadokeza usawa ambao haupo. Msomaji mwenye neno kutoka lahaja yoyote, hasa katika lugha ya wavuvi na wachuuzi, na atuletee pamoja na sentensi mbili za kuonyesha matumizi yake.