Mizinga ya Manowari Iliyopanda Bara

Barabara itokayo Kitengela, kupitia Isinya, Kajiado na Bisil hata Namanga, ndiyo iendayo Longido, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana tarehe 3 Novemba 1914. Nchi hiyo ni ya mbuga na ng'ombe, wala bahari haipo karibu. Hata hivyo, jeshi lililoondoka Longido mwezi wa Machi 1916, likiuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa magharibi, lilikuwa sehemu ya vita ambamo mzinga wa manowari ulinguruma kule Kahe, kusini ya Moshi. Yafaa kueleza jinsi mzinga huo ulivyofika huko.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na mizinga 10, kila mmoja wenye tundu la upana wa sentimeta 10.5. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus ilikuwa na tundu la inchi 4, yaani karibu upana uleule. Lakini kombora la Mjerumani lilikuwa na uzito wa kilo 17 na zaidi, na la Mwingereza kilo 11 tu. Na kombora jepesi hupunguzwa mbio na upepo upesi kuliko zito. Basi makombora ya Pegasus yakaanguka majini kabla ya kumfikia adui, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa.

Königsberg nayo iliangamizwa katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaitoa mizinga yake, wakaipeleka Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu. Kuikokota porini ilikuwa kazi kubwa, na taabu hiyo iliwaangukia zaidi wapagazi Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya chuma chochote. Mmoja ulitumika Kahe hata tarehe 21 Machi 1916, kisha Wajerumani wakauvunja kwa baruti walipokuwa wakirudi nyuma. Leo mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus huonekana Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu.

Mzinga wa namna hii uliweza kutupa kombora mwendo wa kilometa 12 hivi. Kama ungaliwekwa Kitengela, kombora lingalipita Athi River kwa urahisi, lakini kwa upande wa kusini lisingalifika Isinya.

Vita ilipokwisha, kila taifa lilitaka mizinga ipigayo mbali zaidi. Wafaransa walikwenda mbele sana katika jambo hili. Manowari zao za mbio zilizojengwa miaka ya 1920, za jamii ya Chacal, zilipewa mizinga ya milimeta 130, ya mfano wa mwaka 1919. Kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 35 hivi, nalo liliweza kwenda karibu kilometa 19. Hata hilo, likitoka Kitengela, lingeanguka kabla ya Isinya.

Lakini nguvu hiyo ilikuwa na gharama. Mzinga wa Königsberg ulifungwa nyuma kwa kipande cha chuma kinachoteleza kando, na kombora lilishikamana na ganda lake la shaba lenye baruti. Hivyo mtu alilisukuma mara moja tu. Mzinga wa Kifaransa ulifungwa kwa kizibo chenye hesi kama parafujo, chenye kuzungushwa kila mara, na kombora zito lilitiwa kwanza, baruti ikafuata. Katika meli inayoyumbayumba, watu walichoka, na mzinga ukapiga mara 4 au 5 tu kwa dakika. Meli ya mbio hukutana na adui kwa dakika chache. Kwa hiyo upungufu huo haukuwa mdogo.

Mmoja wa ndugu za Chacal, Léopard, alifika katika Bahari ya Hindi. Mwezi wa Novemba 1942 aliuendea utawala wa Vichy katika kisiwa cha Réunion, akajibu kwa mizinga hiyohiyo makombora yaliyopigwa kutoka pwani, na kisiwa kikaingia upande wa Jenerali de Gaulle. Mwezi wa Mei 1943 alipanda mwamba karibu na Tobruk, katika pwani ya Libya, asitoke tena.