Usugu wa dawa: Kinachozoea dawa ni kimelea, si mwili wa mgonjwa

Wananchi wengi huamini kuwa mtu anapotumia antibiotiki mara kwa mara, mwili wake ndio huzizoea dawa hizo. Dhana hiyo si sahihi. Kinachojenga usugu ni kimelea chenyewe, nacho hakibaki kwa mtu mmoja. Huweza kumfikia jirani, mtoto mchanga au mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo.

Antibiotiki hutibu magonjwa yanayosababishwa na bakteria. Zinapotumika, bakteria dhaifu hufa, lakini wachache wenye uwezo wa kuhimili dawa hubaki, huzaliana na hata kuupitisha uwezo huo kwa bakteria wa aina nyingine. Kila matumizi huwapa nafasi hiyo; matumizi yasiyo ya lazima huwapa nafasi hiyo bila faida yoyote kwa mgonjwa.

Mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, ambavyo haviuawi na antibiotiki. Homa nayo inaweza kuwa malaria, yenye dawa zake mahususi. Hivyo, anayenunua vidonge vichache dukani bila kupimwa huenda akachelewesha tiba sahihi na wakati huohuo akachochea usugu.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Dawa zikishindwa kufanya kazi, kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji, nimonia ya mtoto au maambukizi ya mgonjwa wa saratani huwa vigumu kutibika.

Tanzania ilianza kutekeleza Mpango Kazi wa Kitaifa wa kukabiliana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2017, na mpango wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Utekelezaji wake huzihusisha sekta za afya, mifugo na mazingira, kwa kuwa vimelea sugu huweza kuhama kati ya wanyama, binadamu, maji na udongo.

Mwananchi anashauriwa kupima kabla ya kutumia dawa, kununua antibiotiki kwa cheti cha daktari, kuzitumia kwa kiwango na muda alioelekezwa, na kutogawana wala kuhifadhi dawa zilizobaki. Kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni pamoja na kukamilisha chanjo hupunguza maambukizi, na hivyo hupunguza uhitaji wa dawa.

Mfugaji naye anapaswa kumwita mtaalamu wa mifugo kabla ya kutibu, na kutouza maziwa, mayai au nyama kabla ya kumalizika kwa muda wa kusubiri ulioelekezwa kwa dawa husika.

Wiki ya Uhamasishaji kuhusu usugu huo huadhimishwa duniani kila mwaka kuanzia Novemba 18 hadi 24, lakini wajibu wa kuzilinda dawa hizi ni wa kila siku.