Sherehe za Wageni Lamu: Wenyeji Wasemaje?

Uandamapo mwezi wa Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa watu hata vitanda vikakosekana. Huja wa kutoka Siyu, Faza, Mombasa na Unguja kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh. Watalii nao huja. Huitazama ziyara ikipita, husikiliza matari, hushangilia mashindano ya punda. Ni nadra kumsikia mwenyeji akiwanung'unikia.

Maneno huzuka kwa sherehe za namna nyingine. Mnamo 2014 lilianzishwa tamasha la yoga, likawakusanya wageni Lamu mjini, Shela na Manda. Hatusemi kwamba wenyeji wote hawalitaki, la! Mwenye mashua ya kukodisha na mwenye nyumba ya kulala wageni wanayo sababu ya kulipenda. Mwaka ule ule, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni, serikali ilipiga marufuku kutembea usiku, watalii wakatoweka, mashua zikalala. Aliyezionja siku hizo hamfanyii mzaha mgeni alipaye.

Lakini keti barazani Mkomani baada ya Alasiri. Wapo wasemao kwamba mazoezi hayo asili yake ni ibada za Bara Hindi, hayafai kuigwa na mtoto wa chuoni. Wengine hawana haja na yoga yenyewe; kinachowachoma ni mavazi. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba mno, punda wawili hupishana kwa taabu, na mtu hana pa kugeuzia uso. Apitaye na nguo za kuogelea hupita mbele ya mlango wa msikiti na mbele ya watoto wa watu. Pombe nayo, hiyo haina hata mjadala.

Unesco iliutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka wa 2001, na Uislamu na mila za Waswahili ni sehemu ya sababu zake. Kwenye Maulidi mgeni huikuta shughuli ya mwenyeji, akazifuata taratibu zake. Kwenye sherehe hizi mgeni huja na shughuli yake mwenyewe. Basi swali la barazani si kama wageni waje au wasije. Ni nani aliyeshauriwa kabla ya tarehe kupangwa? Na mwenye mashua, ambaye pia husali Riyadha, huliuliza hilo hilo huku akingojea abiria wa Shela.