Unga unaonyonya maji, kisha unaoza: namna hidrojeli mpya zinavyotengenezwa

Ukipasua pampasi ya mtoto, ndani yake utakuta chembechembe nyeupe zinazofanana na sukari. Zikikutana na mkojo zinavimba, zinakuwa ute mzito usiotiririka hata mtoto akiukalia. Ute huo ndio wataalamu wanaita hidrojeli: kitu kinachoshika maji mengi ndani yake bila chenyewe kuyeyuka.

Kazi hiyo inaisha kwa masaa machache, lakini chembe zenyewe zinabaki. Zile za kawaida zinatengenezwa kwa poliakrilate ya sodiamu, kemikali inayotokana na petroli, na vijidudu vya udongo vinashindwa kuivunja kwa urahisi. Kwa mji kama Bukavu, hilo si jambo dogo. Wakaaji wake wanajua namna takataka za plastiki zinazobebwa na maji ya ziwa Kivu zinavyofika kwenye kiwanda cha umeme cha Ruzizi na kusumbua mitambo.

Ndiyo maana wachunguzi wa nchi mbalimbali wanatafuta hidrojeli ya aina nyingine: inayofanya kazi yake, inayosikia hali ya mahali ilipo, na inayooza baadaye.

Wavu na mafundo

Hidrojeli inafanana na wavu wa wavuvi wa sambaza. Nyuzi zake ni molekuli ndefu zinazoitwa polima. Nyuzi hizo zinapenda maji. Zisipofungwa, zinatawanyika ndani yake na kupotea. Mafundo ndiyo yanazishika pamoja. Yakiwa machache, wavu unapanuka na kunywa maji mengi, lakini unakuwa laini na kukatika upesi. Yakiwa mengi, unakuwa mgumu na maji yanakosa nafasi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka wa 1960, mjini Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím walitangaza hidrojeli inayoweza kukaa mwilini bila kuudhuru. Kutoka hapo zilizaliwa lensi laini zinazovaliwa juu ya jicho. Mwaka wa 1978, Toyoichi Tanaka wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha jambo la kushangaza: badiliko dogo la joto au la maji yanayoizunguka linaweza kufanya jeli isinyae kwa ghafla. Tangu hapo watu walielewa kwamba jeli inaweza kupewa kazi ya kuitikia mazingira.

Mfano mmoja ulitoka Canada mwaka wa 2000. Wachunguzi walichukua kitosani, inayotengenezwa kutoka magamba ya kamba na kaa, wakaichanganya na chumvi ya fosfati. Mchanganyiko huo ni maji maji kwenye joto la nyumbani, lakini ukifika kwenye digri 37 za mwili unaganda. Dawa inaweza kupigwa kwa sindano, ikagandia pale inapohitajika, na mwili ukaivunja jeli polepole.

Selulosi na asidi ya ndimu

Mfano mwingine ni wa chuo kikuu cha Salento, mjini Lecce, Italia. Mwaka wa 2008 kundi la Christian Demitri na Alessandro Sannino lilieleza jeli inayonyonya maji mengi, iliyotengenezwa kwa selulosi, ile inayojenga miti na majani.

Selulosi ya kawaida haiyeyuki ndani ya maji, kwa hiyo wanatumia ile iliyobadilishwa kiwandani. Wanaikoroga ndani ya maji, wanaongeza asidi ya sitriki, ile inayofanya ndimu iwe kali, kisha wanakausha na kuipasha kwenye joto la karibu digri 80. Kwenye joto hilo, asidi inashika uzi huu na ule: ndiyo fundo. Kinachobaki kinasagwa kuwa unga.

Unga huo unaitikia mazingira yake. Kwenye maji safi unavimba sana. Kwenye maji ya chumvi, au kwenye asidi kali, unavimba kidogo. Sababu ni kwamba kwenye nyuzi zake kuna chaji za umeme zinazosukumana. Chumvi inazifunika, asidi inazizima, na wavu unajikunja.

Kutoka aina hiyo ya jeli kulitoka kidonge cha Plenity, cha kusaidia watu wanene kupunguza uzito. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikikubali mwezi wa nne 2019. Kikimezwa na maji, jeli inavimba tumboni na kumfanya mtu ajisikie ameshiba. Ikifika kwenye utumbo mpana inavunjika, maji yanarudi mwilini, na mabaki yanatoka na choo. Hata hivyo kampuni iliyokiuza, Gelesis, ilifilisika mwaka wa 2023. Kitu kinaweza kufaulu maabarani, soko likakishinda.

Na sisi je?

Kwetu malighafi haikosekani. Wanga wa muhogo ni polima, na uji wake ukipoa unashika maji kama jeli. Enzimu za mate zinaweza kuukata wanga huo, na vijidudu vya udongo pia. Ndiyo sababu unaoza, na ndiyo sababu jeli ya wanga mtupu haina nguvu: inapasuka kabla ya kazi kuisha. Tena muhogo ni chakula. Migomba iliyokatwa, mabua ya mahindi na maganda vingekuwa bora, kwa sababu vina selulosi na vinatupwa.

Lakini kubadilisha selulosi hadi inywe maji kunahitaji soda kali na kemikali ya klorini yenye kuchoma ngozi. Si kazi ya kufanyia uwanjani nyuma ya nyumba. Inahitaji maabara, umeme usiokatika na watu waliosomea kemia. Tena jeli peke yake haitasafisha ziwa: pampasi ina karatasi za plastiki pia.

Kwa sasa, mnunuzi anaweza kuuliza maswali matatu akiambiwa kwamba pampasi, au unga wa kutunza maji shambani, unaoza. Unaoza kwa muda gani? Wapi: kwenye udongo wa kawaida, ndani ya maji, au kwenye joto la kiwanda tu? Na ukishaoza, kinabaki nini? Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja anauza jina tu.