Usipite Ruiru na Thika Ukisinzia

Msomaji, ni mara ngapi umepita Ruiru ukielekea Thika, au Thika ukielekea Murang'a, bila hata kuchungulia dirishani? Bila shaka ni mara nyingi. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, magari huenda kasi hivi kwamba abiria hupanda Nairobi, akasinzia, na kuamshwa na utingo akiwa tayari amefika. Mimi mwenyewe nimekuwa abiria wa namna hiyo kwa miaka mingi, ingawa ninaishi Ruiru.

Aliyeniamsha ni jirani yangu. Majuzi alirejea kutoka Ujerumani, alikokwenda kumtembelea binti yake ambaye ni muuguzi. Walizunguka miji ya kale, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na kiongozi wa watalii. Jirani alituonyesha picha za Heidelberg na kasri lake bovu juu ya kilima, za Nürnberg, na za mji mdogo uitwao Rothenburg, ambao bado umezungukwa na ukuta wake wa mawe. Huko Rothenburg, usiku, mtu aliyevaa joho jeusi kama mlinzi wa zamani huwatembeza wageni mitaani akiwa na taa mkononi, akiwasimulia habari za mji. Machi 1945, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ndege ziliuangushia mji huo mabomu na kubomoa sehemu kubwa ya upande wa mashariki. Wenyeji wakaijenga upya kwa mtindo ule ule wa kale.

Mwanangu wa miaka 11 alisikiliza yote hayo, kisha akaniuliza: "Mama, kwani mji wetu hauna hadithi?"

Nilitafuta jibu nikakosa. Ndipo mume wangu akasema kwamba kiongozi wa safari tunaye nyumbani, tena hatudai hata senti. Alimaanisha mama yake, ambaye wanangu humwita Shosho. Alizaliwa 1949, na amemaliza takriban maisha yake yote kati ya Ruiru na Thika.

Basi Jumamosi moja ya likizo ya Agosti tukakodi matatu pamoja na familia ya jirani, tukagawana gharama. Tulikuwa watu 11. Shosho alikaa mbele, kando ya dereva, akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Mji uliozaliwa na kahawa

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali na nyumbani kwetu. Shosho alimwamuru dereva asimame mbele ya nyumba za ghorofa, karibu na duka la simiti. Watoto walishuka wakitazamana. Hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Hapa palikuwa kahawa tupu, mpaka kule mtoni," akasema. "Na pale penye mubariti ule ndipo tulipopanga foleni kupimiwa."

Akaanza kusimulia. Alfajiri mtu aligonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini, nao wakaamka. Alianza kuchuma akiwa na miaka 10, akimsaidia mama yake. Malipo yalikuwa kwa debe. Debe lisipojaa hadi mdomoni, halikuhesabiwa. Siku moja nyapara alikuta matunda mabichi machache ndani ya debe la mama yake, akalimwaga lote ardhini. Wakainama, mama na mtoto, wakaanza kuokota moja moja.

"Na pesa?" akauliza mwanangu.

"Jioni ile hatukupata kitu," akasema Shosho. Kisha akacheka kidogo, kama mtu anayemcheka mwenzake wa zamani.

Msomaji, mume wangu ana umri wa zaidi ya miaka 40, na hadithi hiyo aliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Ni vyema watoto waelezwe kwamba kwa muda mrefu Mwafrika wa nchi hii aliruhusiwa kuichuma kahawa lakini si kuipanda iwe yake. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa miaka ya 1930 katika sehemu kama Meru na Kisii, lakini wengi wa wakulima wa Mkoa wa Kati walisubiri hadi miaka ya 1950.

Lakini Ruiru si habari za machungu pekee. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa, wanasayansi walizalisha aina mpya ya mbuni inayostahimili ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, na pia kutu ya majani. Aina hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kupewa jina la Ruiru 11. Wataalamu wa kahawa wa nchi za mbali wanalijua jina la mji wetu kwa sababu ya mche huo. Je, mtoto wako analijua hilo?

Leo mashamba yanageuka ploti. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Ruiru ilikuwa na watu 490,120, ikawa ya nne kwa wingi wa watu miongoni mwa miji ya Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Watu lazima walale mahali, nami mwenyewe ninalala juu ya shamba la kahawa la jana. Rothenburg ilibomolewa kwa mabomu na bado wajukuu wanaijua. Kwetu hakuna aliyeangusha bomu. Tumejenga tu, bila kuwaambia watoto palikuwa na nini.

Mito miwili na mti mmoja

Tulipita Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza 1981 kikiwa chuo kidogo kwa msaada wa Japani na kuwa chuo kikuu kamili 1994. Baadaye kidogo tukaingia Thika.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Mwandishi Elspeth Huxley aliletwa eneo hili na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, wakati huo huo wa reli, na mwaka 1959 akachapisha kitabu kilichoitangaza Thika duniani, *The Flame Trees of Thika*. Ni kitabu kizuri, lakini kinatazama mambo kutoka barazani kwa mzungu. Upande wa waliokuwa shambani umebaki vinywani mwa akina Shosho.

Tulikula chakula chetu tukiwa tumefika Blue Posts, hoteli iliyoanzishwa 1908. Imekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, na kila mto una maporomoko yake. Msafiri wa zamani aliyetoka Nairobi kwenda Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, alipumzika hapa.

Kisha Shosho akatupeleka bustani ya Mugumo. Wazee husimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungekoma siku mugumo fulani utakapoanguka. Husimuliwa pia kwamba Waingereza, walioudharau utabiri huo hadharani, waliuzungushia mti huo chuma ili usianguke. Ukaanguka hata hivyo, mwaka 1963, na Desemba ya mwaka huo huo bendera ya Kenya ikapandishwa. Watoto waliifurahia hadithi hiyo kuliko filamu yoyote.

Ni tulipokuwa tukipita eneo la viwanda ndipo zamu yangu ilipofika. Binti yangu aliuliza: "Si Guka alifanya kazi hapa? Alifanya kazi gani?"

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika kwa zaidi ya miaka 20. Ninakumbuka akirudi nyumbani Jumamosi akiwa na nyuzi za pamba kwenye nywele, nasi tukizichomoa. Lakini alisimamia mashine gani, rafiki zake walikuwa nani, aliogopa nini, sijui. Sikumwuliza, naye alifariki. Nilimwambia binti yangu ukweli: sijui.

Kaburi la Kilimambogo

Alasiri tulishika barabara ya Garissa hadi Fourteen Falls, ambako Mto Athi hujigawa na kuporomoka kwenye majabali. Mandhari yanavutia, ila usishangae ukiona mapovu na chupa za plastiki. Maji hayo yamepokea uchafu wa Nairobi, yaani wetu sisi.

Karibu na hapo ni Mlima Kilimambogo, uitwao pia Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha mita 2,145. Umekuwa mbuga ya taifa tangu 1967, na nyati ni wengi. Njiani kuelekea kileleni kuna kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani mwaka 1872, akamiliki mashamba makubwa eneo la Juja, na mwaka 1909 akamkaribisha Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Alifariki 1925. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ni ukumbusho wake. Kaburi la mkewe, Lucie, liko kando yake.

Mwanangu alisoma majina kwa sauti. Shosho akatikisa kichwa, akauliza kwa upole: "Na waliomlimia, wamezikwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Lakini jioni hiyo, tukirudi, mwanangu alisogea mpaka kiti cha mbele akiwa na daftari. Akamwuliza Shosho jina la mama yake, aliyeokota kahawa ardhini. Akaliandika.

Ukitaka kwenda

Msomaji, safari kama hii haihitaji pasipoti. Yafaa tu uzingatie haya:

Kwanza, chagua kiongozi. Kama huna mzazi aliyeishi eneo hilo, yuko jirani, mzee wa kanisa au mwalimu mstaafu. Muulize mapema, naye atajiandaa.

Pili, vituo visizidi vitano. Mzee huchoka, na mtoto huchoka zaidi.

Tatu, mashamba ni mali ya watu. Omba ruhusa kabla ya kuingia. Mbugani utalipa kiingilio. Ulizia bei kabla ya kuondoka nyumbani, na ufuate maagizo ya askari kuhusu kushuka garini.

Nne, usiwaachie watoto waoge kwenye maporomoko. Mawe yanateleza na maji yana nguvu.

Tano, beba daftari, au mrekodi mzee kwa simu. Mpe mtoto kazi ya kuuliza maswali, kwani kuna mambo ambayo mzee hawezi kumwambia mwanawe, lakini mjukuu humwambia yote.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno likiwa halikuulizwa, mzee huondoka nalo. Ujerumani itakusubiri; kuta zake zimesimama karne nyingi. Shosho wako je?